Msumari wa Chini

Kwa mambo ya chuma, mtaa wetu mzima wa Kampemba hakuna wa kunifundisha mimi, Fils. Marehemu nkambo Laurent, babu yangu, alifanya kazi chini kabisa mgodini, na alikuwa akituambia kila mara: ukizidi kushuka, joto na maji vinazidi, chuma kinaoza. Basi Estelle, tunayekaa naye parcelle moja, yaani ua mmoja, aliposema anaandaa exposé, mada ya kusoma mbele ya darasa, juu ya meli zilizozama, na kwamba zile za karibu na juu ndizo zinaliwa na kutu upesi, nilimhurumia.

«Bahari haiko sawa na mugodi, Fils,» akasema. «Kutu inatafuta hewa. Kule juu mawimbi inaingiza hewa mu mayi, na mayi iko na moto kidogo. Chini iko baridi, na hewa inapunguka. Tena haipunguke sawasawa: fasi zingine hewa inapotea mu katikati, chini zaidi inarudia.»

«Ulishaka kuona bahari?»

«Na weye?»

Bahari hatuna, ila kisima tunacho. Tukafunga misumari miwili kwenye kamba, mmoja ubaki karibu na uso wa maji, mwingine ufike chini. Wa chini ukizidi kutu, Estelle angebadilisha exposé yake ya Jumatatu, na parcelle yote ingeacha kuniita Radio kwa maneno yangu mengi, iniite Ingénieur, yaani mhandisi. Jina hilo nilikuwa nimeshaanza kuliitikia peke yangu.

Baada ya majuma kadhaa, Jumapili tukitoka misa, tukavuta kamba mbele ya watu. Msumari wa juu ulikuwa na rangi ya chai. Wa chini, mwekundu kama pilipili. Estelle akaanza kukunja karatasi zake. Nikamwambia asihuzunike, sayansi si ya kila mtu.

Nkambo Régine, bibi yangu, alikuwa akipepea jiko lake la mbabula, makaa hayataki kushika. Yeye huniita bwana yake kwa utani, kama nkambo wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

«Bwana yangu,» akasema polepole, «ile musumari ulitoa mu kisima juzi, ukaifunga mu kitambaa na chumvi yangu, ukaificha nyuma ya jiko, haiko ndiyo hii?»

Parcelle yote ikanigeukia.

«Nkambo, nilikuwa naiangalia tu…»

Estelle akakunjua karatasi. «Kumbe ilishikia kutu huku juu, mu hewa, na chumvi. Aksanti, Ingénieur. Nitaitia mu exposé.»

«Na samaki ya leo haina chumvi,» nkambo akaongeza, macho kwenye makaa. «Wa kwanza kuikula ni weye, Radio.»