Akae au Aondoke

Mzee Aidarus alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Chanika, na Kiingereza chake alikiokota humohumo dukani, kwenye makopo ya rangi na maboksi ya vitasa. Kilimtosha miaka yote, mpaka alipokuja mjukuu wake Yumna kutoka Manchester kwa likizo ya mwezi mmoja, binti wa miaka kumi na tisa, Kiswahili chake cha salamu tu.

Hawakuwahi kuonana. Huda, mama yake Yumna, aliondoka nyumbani miaka ishirini iliyopita alipoamua kuolewa na Daniel, karani Mkristo kutoka mikoani. Siku ile Aidarus alisimama mlangoni akamwambia, "Toka kwangu." Huda akatoka, na tangu hapo hawakusemezana, hata alipohamia Uingereza na mumewe. Yumna alijileta mwenyewe. Aliitafuta namba ya babu yake kwa binamu zake, akampigia, akaja.

Wiki mbili za mwanzo walielewana kwa mikono na vicheko. Asubuhi Yumna alikaa naye dukani akipanga misumari kwa saizi. Jioni alimpikia chai isiyo na tangawizi wala hiliki, na mzee akainywa yote bila neno. Nyumba iliyokuwa kimya tangu mkewe afariki sasa ilikuwa na mtu wa kuimba bafuni. Kila alipokumbuka kwamba siku za mgeni zinakwisha, Aidarus alikosa raha.

Alhamisi moja, Yumna akiwa amebaki nyumbani kufua, mzee alikaa nyuma ya kaunta akashika simu. Jirani yake, Mwalimu Kokushubila, alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini kabla ya kustaafu, na angemsaidia kwa dakika moja. Lakini mambo ya moyoni unampaje jirani ayasome? Akaandika mwenyewe, akafuta, akaandika tena: "Yumna, I think is better you leave here now. It will make me very happy."

Jibu lilichelewa kidogo. "OK Babu. I understand."

Kaelewa! Kakubali! Aidarus alifunga duka saa tisa mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kununua mapazia mapya ya chumba cha mjukuu wake.

Alipofika nyumbani alilikuta begi kubwa barazani. Yumna alikuwa amekaa pembeni yake, macho mekundu, anangoja teksi.

"Naondoka, Babu," alisema kwa Kiswahili, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno hayo. "Asante. Samahani."

Aidarus akachanganyikiwa. "No, no! Leave! Leave here!" akapaza sauti, huku akionyesha sakafu kwa kidole.

Yumna akaangua kilio.

Mwalimu Kokushubila alisikia zogo, akaja mbio, khanga begani. "Mzee Aidarus, kulikoni?"

"Mwalimu, mie nimemwambia akae! Kanijibu kaelewa. Sasa mbona anaondoka?"

"Hebu nione hiyo simu." Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mzee, umemfukuza."

"Mie?"

"Umemwandikia aondoke, na kwamba akiondoka utafurahi sana. Kuishi ni live. Hili lako, leave, ni kuondoka. Wanafunzi wangu waliyachanganya kila mwaka. Kwenye midomo yetu sie yanatoka sawasawa, lakini wenyewe moja wanalivuta, lingine wanalikata."

Akamgeukia Yumna, akamweleza. Yumna akacheka na machozi yake, akamshika babu yake mkono. Kisha akasema jambo polepole, akitazama chini.

"Anasemaje?" Aidarus aliuliza.

"Anasema ujumbe wako ulimuumiza, lakini haukumshangaza. Mama yake alishamsimulia ulivyomwambia pale mlangoni. Akaona babu ni yuleyule."

Aidarus aliketi kwenye ngazi ya baraza. Teksi ikaja, Mwalimu akamwomba dereva radhi, ikaondoka. Mzee bado alikuwa ameketi. Hili neno la leo lilikosewa herufi, likasahihishwa, basi. Lile la siku ile alilitamka kwa Kiswahili safi, hakukosea hata silabi moja. Alilikusudia.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "niandikie barua kwa Huda. Kwa Kiingereza kizuri."

"Kwa nini Kiingereza? Si umemlea kwa Kiswahili?"

Mzee akainamisha kichwa. "Kwa Kiingereza sitaona haya sana."

Mwalimu Kokushubila akamtazama bila ukali. "Hiyo siiandiki, Mzee Aidarus. Hiyo useme mwenyewe." Akaaga, akarudi kwake.

Yumna ndiye aliyepiga simu. Alizungumza na mama yake kwa Kiingereza cha haraka, kisha akaiweka simu kwenye goti la babu yake, spika ikiwa imewashwa.

"Huda," mzee aliita.

"Shikamoo, Baba," alijibu Huda.

Kuitikia marahaba ni jambo la pumzi moja, lakini Aidarus kwanza aliinua simu kutoka gotini. Alipoitikia, sauti ilikuwa imepasuka. "Nilikukosea, mwanangu. Nyumba hii ni yako. Njoo. Njoo na Daniel."

Huda hakuahidi. Aliuliza kama Yumna anakula vizuri, akauliza kaburi la mama yake liko wapi. Kisha akasema, "Nipe muda, Baba."

"Chukua. Mie nipo."

Yumna alisogeza tiketi yake mbele wiki tatu, hadi chuo kilipokaribia kufunguliwa. Siku hizi Huda hupiga kila Ijumaa baada ya swala. Mwanzoni walizungumza dakika tatu, sasa zinafika ishirini. Daniel bado hajaishika simu hiyo. Aidarus hamuulizi Huda sababu. Anampa salamu amfikishie mkwewe, na wiki inayofuata anampa tena.