Miavuli ya Safu ya Kwanza

Saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, tarehe kumi na nne Juni, miavuli kumi na saba ilikuwa imekwisha kuchomekwa kwenye ufukwe wa Cala Rasa, na chini yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

Casilda Berenguel aliihesabu kama alivyoihesabu kila asubuhi ya kiangazi kwa miaka tisa. Wenyewe walikuwa wastaafu wa kijijini. Huamka gizani, hushuka na mwavuli begani, huuchomeka safu ya kwanza karibu na maji, huacha kiti na taulo kama ushahidi, kisha hurudi nyumbani kunywa kahawa, kula mkate wa nyanya na kulala tena. Saa tano hushuka wameoga, wakistaajabu jinsi ufukwe ulivyojaa. Casilda, aliyefundisha kemia miaka thelathini na minne, aliiona tabia hiyo kuwa wizi, na aliiandikia manispaa barua sita. Baada ya ile ya sita ikapitishwa sheria ndogo: mwavuli usio na mtu wake utang'olewa na polisi. Tangu siku hiyo kijiji kilimwita Kamishna, na kanisani alikalia benchi peke yake.

Asubuhi hii hakuja kwa ajili ya miavuli. Hatua thelathini kutoka majini, kwenye kishimo cha mchanga kisichozidi kiganja, kulikuwa na mayai matatu ya kitwitwi, ndege mdogo wa pwani. La mwisho lilitagwa tarehe kumi na tisa Mei, kwa hiyo ilikuwa siku ya ishirini na sita. Jana adhuhuri, jike aliponyanyuka kidogo, darubini ilionyesha ufa kwenye yai moja. Makinda yangetoka leo, kama leo ingeyaruhusu.

Kikwazo kilikuwa sifa. Mwezi Machi gazeti moja la safari liliitaja Cala Rasa miongoni mwa fukwe ambazo mkono wa binadamu haujazigusa. Wageni wakaja, wakaona mwani mweusi uliotupwa na mawimbi, wakalalamika kuwa ni uchafu. Manispaa ikaamua kwamba, ili ufukwe uonekane haujaguswa, uguswe kila asubuhi na trekta la tani nne linalokokota reki ya chuma. Casilda alieleza kwa maandishi na michoro kwamba mwani ndio unaozuia mchanga usichukuliwe na dhoruba, na kwamba pale pana mayai. Karani aligonga mhuri, akamwambia atajibiwa ndani ya siku tisini.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wa Cala Rasa walikuwa na miaka thelathini wakingoja kupona.

Saa moja kasorobo trekta liliteremka. Dereva wake, Indalecio, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Casilda.

"Mwalimu! Umelala hapa, au umetupwa na bahari?"

"Zima injini, Indalecio."

"Nikizima haiwaki tena. Hili trekta lina moyo wa marehemu bibi yangu."

"Mayai yapo palepale. Unayaona?"

Indalecio alikodoa macho. "Siyaoni."

"Ndivyo yalivyoumbwa, yasionekane."

"Basi nikiyapitia sina kosa. Anayelaumiwa ni aliyeyaumba."

Mwaka wa 1991 Casilda alimpa kijana huyu alama tatu kwa kumi. Sasa aliona alikuwa amemhurumia.

"Niliweka kamba na vijiti vinne. Viko wapi viwili?"

"Niliving'oa jana jioni, usinikasirikie. Karatasi yangu inasema ninyooshe mchanga mwamba hadi mwamba. Kamba haimo. Halafu wageni walikuwa wanaanikia chupi."

"Na miavuli imo kwenye karatasi yako?"

"Haimo."

"Mbona unaizunguka?"

Indalecio alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havui suruali kanisani. "Mwalimu, ule wa mistari ni wa Fuensanta. Mwaka juzi niliugusa kidogo tu na gurudumu. Hadi sikukuu ya Septemba hakuna aliyeniuzia mkate hapa. Mke wangu alikuwa anapanda basi kwenda kununua mkate!"

Casilda aligeuka kuelekea majini. Alitembea hadi safu ya kwanza, akaushika mwavuli wa mistari kwa mikono miwili, akaung'oa. Alichukua pia kiti na taulo. Akavibeba juu, akauchomeka mwavuli hatua nne kutoka kwenye mayai, bila kuufungua ili usipepee na kumtisha ndege. Kiti akakiweka upande wa pili, taulo juu yake, jiwe juu ya taulo.

"Mwalimu! Huo ni wa Fuensanta!"

"Najua. Ugonge, tuone."

Trekta lilizunguka mbali, polepole, kwa adabu ya watu wanaopisha sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano. Liliponyoosha hadi mwamba wa pili, kisiwa cha mchanga usioguswa kilibaki katikati ya ufukwe usioguswa. Casilda alijificha nyuma ya kichaka kwenye matuta ya mchanga, akaangalia saa. Jike alirudi juu ya mayai baada ya dakika kumi na moja.

Saa nne kasoro dakika kumi wakafika Begoña na mumewe Leandro, kutoka Madrid. Begoña alivaa kofia pana kama sinia. Leandro alibeba kila kitu kingine.

"Ona!" alisema Begoña. "Gazeti limesema hakuna mtu, na watu wamejaa!"

"Wewe na mimi tumelisoma, mpenzi. Na wao wamelisoma."

"Pale pana nafasi. Mwavuli hauna mtu. Tandika mkeka."

Casilda alitoka kichakani. "Hapana. Hapo pana kiota."

"Mama, mimi napenda sana viumbe, lakini sijaendesha saa sita nije kupangiwa pa kukaa na mwavuli mtupu. Leandro, piga simu polisi."

Ginés, askari wa manispaa, alifika saa nne na robo akiwa bado anatafuna. Alisoma kwa mbali jina lililobandikwa kwenye mti wa mwavuli.

"Fuensanta. Yuko wapi?"

"Nyumbani," alisema Casilda. "Uliouweka hapa ni mkono wangu. Andika jina langu."

"Wewe, Kamishna?" Ginés aliacha kutafuna. "Wewe uliyetuandikia barua sita?"

"Sita. Andika."

"Ukikaa chini yake si kosa. Kaa tu, Mwalimu, twende zetu."

Casilda alilitazama jua. Angekaa hatua nne kutoka pale, jike angekimbia asirudi, na mchanga huo ungeyapika mayai kabla ya adhuhuri. "Sikai," alisema. "Ng'oa."

Ginés alipopiga hatua ya kwanza, jike aliruka kutoka kiotani, akaanguka mbele ya Begoña na kuburuta bawa moja mchangani, akilia.

"Maskini! Amevunjika bawa! Leandro, taulo!"

Ndege alijikokota hatua mbili mbele yao, na kila walipomkaribia alijikokota mbili zaidi. Walimfuata hivyo, kofia mbele na taulo nyuma, Leandro akirekodi kwa simu, hadi karibu na mwamba. Ndege aliruka juu ya vichwa vyao, mabawa yote mawili mazima. Begoña alipiga makofi na kusema amepona.

"Miaka arobaini nimekaa hapa," alisema Ginés, "sijawahi kuona watu wazima wakidanganywa na kitu kidogo hivyo."

"Wamedanganywa na gazeti kwanza," alisema Casilda. "Usisogeze mguu wa kushoto."

Kando ya mguu huo, kiotani mlikuwa na makinda mawili yaliyokwisha kukauka manyoya na maganda manne ya nusu nusu. Yai la tatu lilikuwa zima, bila ufa. Ginés aling'oa mwavuli kwa kuuvuta upande wake, akarudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe, akaandika jina la Casilda Berenguel na muda: saa nne na dakika thelathini na tano.

Jike alitua kwenye matuta, akaita. Kinda la kwanza lilitoka kwenye kishimo saa nne na dakika arobaini na moja. La pili lilitoka dakika sita baadaye, likaanguka kwenye alama ya gurudumu, likapanda. Saa tano kasoro dakika nne yote mawili yaliingia kwenye majani ya matuta.