Gurudumu Lililojizungusha

Wasomi watatu waliitana kwenye chumba cha makumbusho kujadili jambo ambalo shangazi yangu angewajibu kabla chai yao haijapoa. Zamani fundi saa mmoja aliunda gurudumu la mbao, refu kuliko mlango, likazunguka ukutani kwake mwaka mzima bila kuguswa, eti. Sasa gurudumu lilikuwa la makumbusho, na kibao chake kilitaka maelezo.

Mhandisi mstaafu alisema siri ni zebaki iliyohamahama ndani ya spoku. Mwalimu wa fizikia akamcheka, akasema nguvu haitoki hewani, lazima kulikuwa na springi. Mkuu wa makumbusho aling'ang'ania sumaku, kwa kuwa wageni wanapenda sumaku. Wakachora, wakafuta, wakakatana kauli. Shangazi alikuwa ameketi mbele yao, mkoba mapajani, nami niliyemsindikiza kando yake. Walimwalika kwa heshima tu, maana mama yake aliwahi kuwa mtumishi wa fundi yule. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Nikawaambia mimi, nisiye na cheti hata cha kufungia karanga. Bibi yangu alikuwa nyuma ya ukuta ule, akizungusha mpini wa chuma, mkanda ukipita chini ya sakafu hadi kwenye gurudumu. Shangazi, mtoto wakati ule, alikuwa akimpelekea maji. Bibi akikohoa kwa vumbi, wageni upande wa pili walinong'onezana kwamba mashine inapumua.

"Hilo nalo ni pendekezo," mkuu akasema, akaliandika chini ya sumaku.

"Si pendekezo, mwanangu," shangazi akamwambia. "Ni mama yangu. Bega lake halikuinuka tena mpaka tukamzika."

Tuliomba kitu kimoja: pale kwenye kibao walipoandika "lililojizungusha", waandike "lililozungushwa na", kisha jina lake. Ungedhani tumeomba paa la jengo. Mjadala ukageuka wa sarufi, na bwana zebaki akawa bingwa wa vitenzi ghafla. Wakabishana wee, mwisho wakakubaliana: "lililozunguka". Basi. Halikujizungusha, wala hakuna aliyelizungusha. Lilizunguka tu, kama mvua inavyonyesha.

Mkuu akafurahi kwamba kila upande umeridhika, akamwomba shangazi aje kukata utepe siku ya uzinduzi, kwa niaba ya familia.

Shangazi akasimama, akajitanda kitambaa chake.

"Gurudumu lenu linajiweza," akasema. "Likate lenyewe."