Pwani Ipi?

Redio ya Mwishehe haikuwa na mfuniko wa betri. Betri zenyewe alizifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mpira ukilegea maneno yalikatika katikati. Lakini Alhamisi ile, Idi Kubwa ikiwa ndiyo kwanza imepita, halikukatika hata neno. Alikuwa kibandani kwake mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, kwenye kazi yake ya ufundi viatu, ameinamia sendo ya kike na uzi mdomoni, akamsikia binti wa redioni akisoma hali ya hewa ya wiki mbili zijazo. Mvua hakuna. Jua la kawaida. Upepo wa kusi utavuma kwa nguvu na mawimbi makubwa yatapiga Pwani yote, hasa mwishoni mwa wiki hii. Wanaokwenda kuogelea wawe waangalifu. Angalizo limetolewa.

"Angalizo," Mwishehe akasema peke yake, akautema uzi. "Kutoa angalizo hodari. Kutoa mkono hawajui."

Ndivyo alivyokuwa tangu afiwe na mkewe, Biubwa. Alikuwa na ugomvi na kila anayekalia kiti chenye mikono: mtu wa maji, mtu wa barabara, diwani, na huyo binti wa redioni ambaye hata hamjui. Lakini wa kwanza katika ugomvi huo alikuwa Maulidi, mwenyekiti wa mtaa. Na huyo hapo, anakuja, suruali imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," ikamtoka kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Wewe ndiye mwenye redio mtaa huu. Jumamosi nawapeleka akina mama kule Kigamboni, wakaione bahari, wale pilau, tukumbuke Idi. Wamesemaje? Mvua ipo?"

"Mvua hakuna."

"Hewala! Hakuna kingine?"

Mwishehe alichomeka sindano kwenye soli, akaivuta ikatokea upande wa pili.

"Wamesema mawimbi makubwa," akajibu. "Pwani."

Maulidi akawageukia wanawake waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri viatu vyao. "Jamani mmesikia? Mkoa wetu utapigwa mawimbi!"

Hajra, muuza maandazi, mwanamke ambaye kicheko chake hufika kabla yake, akajipiga paja. "Mwenyekiti, basi nihamishe kabati langu! Wimbi likipanda hapo barabarani lisije likanikuta jikoni na kanga moja!"

"Mawimbi ya vumbi hayo," akadakia mwingine. "Hayo hata leo yapo."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Na walikuwa na haki ya kucheka. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na bahari hakuna hata ya kunawia. Kila redio ikisema Pwani, watu wa hapa hujidhania ndio wanaotajwa, kisha hutazama vumbi lao na kucheka. Kwenye maandishi mtu ataona herufi kubwa na ndogo. Redioni herufi haisikiki.

Mwishehe aliishia darasa la nne, lakini hilo alilijua. Alijua binti yule alisema pwani ya maji, pwani ileile wanayokwenda. Neno lilikuwa tayari ulimini: "Si mkoa, nyie, ni bahari." Akamtazama Maulidi anavyocheka, meno yote nje, kama mtu ambaye hajawahi kumzikia mtu mke. Akalimeza lile neno.

Naye akacheka.

Hakuwatakia mauti, wallahi. Alichotaka kilikuwa kidogo: warudi wamelowa, pilau imejaa mchanga, akina mama wamemnunia Maulidi basi zima. Watu wajue kwamba yule bwana hana analoliongoza likafika salama. Na akiulizwa, jibu analo. Nilimwambia. Mbele ya mashahidi. Nilisema Pwani.

*

Chanzo cha yote kilikuwa mtaro. Mwaka juzi walikuja watu na majembe wakachimba barabara ya mtaani kwao ili kuweka kalavati. Wakachimba, wakaondoka. Kalavati halikuja. Masika yakaja. Mwishehe alikwenda kwa Maulidi mara nyingi, na kila mara alijibiwa hivyohivyo, kwa upole, kwa kushikwa bega: "Mzee, nimelipeleka juu."

Siku Biubwa alipobanwa na kifua, alasiri ya mvua, gari lilifika likasimama ng'ambo ya mtaro. Wakambeba kwenye kitanda cha kamba, miguu inazama kwenye tope, Mwishehe mbele, akimsikia mkewe nyuma anavuta pumzi kama mtu anayekata mbao kwa msumeno butu. Walipoukanyaga ukingo wa pili msumeno ulikuwa umenyamaza. Maulidi alikuja msibani, akalia machozi ya kweli, akasema tena kwamba alilipeleka juu. Moyoni Mwishehe aliuliza, huko juu ni wapi, kwa Mungu?

Tangu hapo aliyemjali alikuwa Sikuzani, mdogo wake Biubwa, anayelima mihogo na mananasi kwao Kisarawe. Alikuja na kikapu cha mananasi, akampikia, akamfulia, akamtukana. "Shemeji, hili shati limekufa, lizike!" Wanawake wa mtaani walimtania kwamba anataka kurithi kitanda cha dada yake. Sikuzani alicheka tu, "Huyu? Huyu nitamrithi pamoja na redio yake?" Na Mwishehe, ambaye hakucheka na mtu, alicheka na Sikuzani.

*

Jumamosi asubuhi basi la kukodi lilisimama mbele ya kibanda likiwa linaunguruma, matarumbeta yanalia kwenye spika. Hajra akateremka mbio.

"Mzee, sendo zangu! Jozi zote mbili."

Mwishehe akazitoa. Moja kubwa, pana, ya Hajra mwenyewe. Ya pili ndogo, ya kahawia, aliishona Alhamisi ileile huku redio ikisema.

"Hii ya nani?" akauliza. "Mguu wako hauingii humu hata kwa mafuta."

"Ya shemeji yako Sikuzani! Aliniachia Idi. Kasema nisikwambie, utanuna. Tunapanda kwanza Kongowe kuwachukua wenzetu wa huko, tunageuza, tunampitia Kisarawe, ndio hao tena mpaka Kigamboni. Maskini, hajawahi kuingia baharini tangu azaliwe!"

Mwishehe alifungua mdomo. Maulidi alikuwa amesimama mlangoni pa basi, anampungia mkono, anacheka kicheko kilekile. Na Mwishehe akaona wazi kwamba kusema sasa ni kukiri kwamba juzi alinyamaza. Wataliuliza hilo. Mbele ya basi zima watauliza, mzee, kumbe ulijua? Akamkabidhi Hajra sendo zake. Hajra akapanda, mlango ukafungwa, basi likaondoka na matarumbeta yake.

Alikaa. Alichukua kiatu cha mtu, akakishona, akaona ameshona kisigino kwenye kidole, akakifumua. Upepo ulikuwa ukipeperusha makaratasi barabarani. Kama hapa pako hivi, huko kukoje? Akampigia Sikuzani. Simu haipatikani. Kawaida yake, akienda safari huiacha nyumbani ili isiibwe. Jua lilikuwa limekwisha kupanda alipojishinda nafsi akampigia Maulidi.

"Mwenyekiti, mko wapi?"

Matarumbeta, vigelegele, kisha sauti: "Kongowe, mzee! Tupo Kongowe!"

Akashusha pumzi. Alhamdulillahi. Wanawake hawana haraka, mmoja atakuwa amesahau chupa ya chai, wamemrudia. Bado wako huku. Akakiacha kibanda wazi, redio juu ya kiti, akasimamisha bodaboda. Njiani alipanga maneno. Atamvuta Maulidi kando. Atasema redio imerudia tena leo, imefafanua. Hata hapo, na upepo ukimpiga usoni, alikuwa bado anatafuta namna ya kusema bila kuonekana.

Kongowe hapakuwa na basi. Palikuwa na mama anakaanga mihogo pembeni ya barabara.

"Basi la akina mama? Baba, hilo limepita tangu asubuhi, saa hizi wako mbali."

"Mbona wameniambia wako Kongowe?"

Mama yule akageuza kipande cha muhogo kwenye mafuta. "Kongowe ipi, baba? Si na Dar iko Kongowe? Ukishapita Mbagala. Hapo ndipo pa kukatia kwenda Kigamboni."

Mwishehe alisimama pale kama kigogo. Jina moja, mahali pawili. Alilomfanyia mwenzake, ndilo alilofanyiwa na dunia, tena bila dunia kukusudia. Akapiga tena simu.

"Maulidi! Msiingie majini! Pwani kuna mawimbi!"

"Eeh, ndiyo mzee, tunaingia Pwani!" Upepo ulikuwa ukinguruma kwenye simu. "Raha tupu!"

"Si mkoa! Nasema bahari! Bahari!"

"Bahari tunaiona, mzee! Kubwa! Nitakuletea maji yake kwenye chupa!"

Ikakatika. Akapiga, ikaita. Akapiga, ikaita. Baadaye ikawa haiiti kabisa.

*

Adhuhuri ilimpita, alasiri aliiswali bila kujua amesoma nini. Alijaribu kumlaumu mtu. Alimlaumu binti wa redioni kwa kutosema "baharini" kama watu. Akamlaumu aliyeuita mkoa jina la ufuko, aliyeipa miji miwili jina moja, serikali kwa kutoweka mtu wa kuwazuia watu mchangani. Kila aliyemlaumu alikuja, akakaa kidogo kwenye benchi la kibanda, akaondoka, akamwacha na mwanamke mdogo wa Kisarawe ambaye hajawahi kuingia baharini tangu azaliwe. Akakumbuka jinsi alivyouvuta uzi wa ile sendo kwa nguvu, ili ishike.

Jua lilipokuwa linainama basi likarudi. Halikuwa na matarumbeta.

Alimkagua kwa macho kila aliyeteremka: huyu siye, huyu siye, huyu siye. Kisha akamwona. Sikuzani alikuwa amejitanda kanga za watu, nywele zimeganda chumvi, mguu mmoja una sendo, mwingine mtupu. Nyuma yake Maulidi, mkono umefungwa kwa mtandio shingoni, bega limetoka mahali pake, kofia hakuna.

Hajra ndiye aliyesema, na kicheko hakikuwepo. "Maji ya magotini, mzee! Shemeji yako amesimama tu, amekunja kanga, wimbi limekuja likamchukua miguu kama mtu anavyovuta mkeka. Mwenyekiti akaingia na suruali yake. Wakawa wanapigwa wote wawili, mpaka vijana wa pale wakawatupia kamba."

Wanawake walikuwa tayari wameanza. Maneno yao yalimwelekea Maulidi kama mawe. Kiongozi gani huyu? Huwezi hata kuuliza bahari ikoje? Ungetuua! Mtaro umekushinda, ukatupeleka kwenye maji!

Maneno yaleyale ambayo Mwishehe aliyataka. Yote, hata la mtaro.

Maulidi akainua mkono wake mzima. "Ni kweli. Kosa langu. Mzee Mwishehe aliniambia, jamani, nyie ni mashahidi. Alisema mawimbi, alisema Pwani. Nikafanya mzaha. Hata leo kanipigia simu, maskini, anapiga kelele, sikumwelewa."

Nyuso zote zikamgeukia. "Mzee wetu," mmoja akasema. "Mzee alijua." Na kwa muda wa pumzi moja, Mungu amsamehe, Mwishehe aliuonja utamu wake. Kisha macho yakamshuka mpaka kwenye ule mguu mtupu, wenye mchanga katikati ya vidole.

"Sikusema," akasema.

"Ulisema, mzee, tulikuwepo."

"Nilisema Pwani. Mlipocheka, nilijua mmeelewa mkoa. Nilijua ni bahari. Nikacheka na nyie."

Dereva wa basi akazima injini.

"Kwa nini, mzee wangu?" Maulidi akauliza, taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Mtaro," Mwishehe akasema.

Maulidi akatazama chini. "La mtaro mimi nililipeleka juu."

"Na mimi nilikuambia."

Neno lilipomtoka akalisikia. Lilikuwa limevaa nguo zilezile za neno la Maulidi, hata kifungo hakikupungua.

Sikuzani akajikaza kanga. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na chumvi. "Basi vizuri. Mmoja alipeleka juu, mmoja alisema Pwani. Dada yangu akaishia kwenye mtaro, na mimi nikapelekwa chini kuonja. Wanaume wana kazi nzuri sana mtaa huu."

Hakuna aliyecheka. Akaivua ile sendo iliyobaki, akaiweka juu ya redio, taratibu kama mtu anayemrudishia mwenye mali mali yake. Akamshika Hajra mkono. Usiku ule hakulala kwa shemejiye, na alfajiri alipanda gari la Kisarawe bila kupita kibandani.

Mwishehe aliikagua sendo. Uzi wake haukufumuka hata mahali pamoja.

Akakata ngozi ya kahawia, akashona ya pili, akazifunga pamoja akazitundika kwenye msumari. Tangu siku hiyo, redio ikianza kusoma hali ya hewa, humwita anayepita barabarani, hata asiyemjua, akamwambia, "Sikia, wamesema pwani. Ya maji, siyo hapa." Watu humwona ana lake. Wengine huiulizia ile jozi msumarini, nzuri, ndogo, mpya upande mmoja.

"Ina mwenyewe," huwajibu.

Mananasi ya Kisarawe yameshaanza kuiva, na hayajaletwa.