Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Tangu nianguke kwenye ngazi nikitundika mapazia, kichwa changu kina mambo yake. Natia chumvi kwenye chai, nacheka msibani. Daktari alisema ubongo umeumia kidogo tu. Hicho kidogo chake akae nacho mwenyewe!

Siku hiyo nilikuwa kwenye majaribio. Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye karakana ya ushonaji, alisema nikishona koti moja sawasawa narudi kazini; nikikosea, nikapumzike nyumbani. Nyumbani kuna nini? Runinga na huruma.

Nikakata kitambaa, nikashona. Shemeji akaivalisha sanamu ya nguo koti hilo, akasimama mbele yake, akakagua kola na vifungo.

"Safi kabisa, shemeji. Karibu tena kazini."

Kabla sijaruka kwa furaha, fundi wa vifungo, mama mmoja anayeita kila mtu mpenzi, akaangua kicheko.

"Mpenzi, mkono huu mbona umepindia nyuma? Koti linajikuna mgongo!"

Kweli. Nilisahau kuigeuza karatasi ya kukatia, nikatoa mikono miwili ya kushoto. Nikajua kazi imeshaniponyoka. Lakini aliyetokwa jasho ni shemeji.

"Mkono upi?"

"Huu hapa, mpenzi, kushoto kwako."

Ilibidi ageuze shingo nzima ndipo auone.

"Tangu ile ajali ya pikipiki," akasema taratibu, "upande wa kushoto unanipotea. Hata chakula nakula nusu sahani. Dada yako anadhani nimechoka mapishi yake."

Mpiga pasi wetu, aliyekuwa pembeni, naye akajieleza: alipigwa teke la kichwa mpirani, mwanga humuumiza, ndiyo maana anapiga pasi na miwani ya jua. Na sisi tulidhani ni maringo!

Nikamgeukia mama wa vifungo. "Na wewe?"

"Kiharusi, mpenzi. Majina yote yalinikimbia. Ningewaitaje?"

Masikini, mke wa mpiga pasi alishanuna mwezi mzima kwa ajili ya hilo "mpenzi". Watu wanne chumba kimoja, hakuna kichwa kizima! Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye vipande vya vitambaa.

Ila koti lilikuwa bado limepinda, na masharti ni masharti. Nikajifuta machozi, nikaanza kufunga mkasi wangu kwenye kanga. Shemeji akanipokonya, akauweka kwenye cherehani yangu.

"Fumua huo mkono," akasema. "Ukimaliza, njoo usimame kushoto kwangu. Na usiondoke hapo."