Nyumba Namba 318 Yafungua Akaunti

Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, Tobias Ndunguru aliketi mbele ya Mourine kwa mara ya nne na kuzipanga karatasi zake mezani: pasipoti ya Tanzania, kitambulisho cha mgeni, namba ya kodi, cheti cha ndoa, na picha mbili ambazo ndani yake hakuwa ametabasamu. Mourine ndiye aliyewafungulia watu akaunti mpya katika tawi moja la benki kando ya Barabara ya Jogoo. Kufikia siku hiyo alikuwa amemzoea Tobias hata akawa anamuulizia mkewe.

"Kasiva hajambo?"

"Hajambo, dada, anakusalimu. Samahani kwa usumbufu, naomba tujaribu tena."

Mourine alipenda kumsikiliza. Nairobi watu hawana desturi ya kuomba samahani kabla ya kukosea. Lakini kupenda ni kupenda na kompyuta ni kompyuta. Aliingiza kila kitu, na wakakwama palepale walipokwama mara tatu zilizopita, kwenye uthibitisho wa makazi. Kompyuta ilitaka bili ya stima au ya maji yenye jina la Tobias.

"Umeme wa Makongeni unakuja kwa jina la shirika la reli," Tobias alisema. "Maji vilevile. Pale mtaani hakuna mwenye bili yenye jina lake."

"Najua. Hata shosho yangu, mama ya baba, aliishi huko. Lakini mwenyeji ako na ID, inatosha. Wewe ni mgeni, lazima bili."

"Na cheti cha ndoa? Ni miaka tisa sasa, dada."

"Hiyo inaonyesha mlioana. Haionyeshi mnakaa pamoja."

Tobias alizikusanya karatasi zake, akashukuru, akaondoka. Hakuwa mtu wa kupiga meza.

Alikuwa fundi wa matanuri. Kwa miaka sita alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha biskuti kule Industrial Area. Kila alfajiri alisimama langoni pamoja na watu wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, akingoja msimamizi amnyooshee kidole. Matanuri yenyewe yalimjua. Moja likinuna, msimamizi alitoka mbio kumtafuta kwenye foleni, naye akalibembeleza mpaka likawaka. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alipewa siku ya kwanza, ila jina lake hakuna aliyekumbuka kuliandika popote. Sasa fundi mkuu alikuwa amestaafu, na Sally wa ofisi ya ajira alikuwa amemwambia Tobias kwamba kazi ni yake, ya kudumu, kuanzia Jumatatu, mradi kabla ya Ijumaa saa sita mchana alete akaunti ya benki. Iwe ya kwake, si ya mke wala ya shemeji. Tangu siku alipomtaka Kasiva, Tobias hakuwa ametaka kitu kingine kwa nguvu hivyo. Alitaka kuwa kwenye orodha, na asubuhi mtu aisome orodha hiyo na kumtaja.

Jioni alimsimulia mkewe. Kasiva alizaliwa ndani ya nyumba ile ile, namba 318, baba yake Muthama alipokuwa mtu wa ishara za treni. Siku hizi alipika chapati na kuziuza kupitia dirisha la jikoni. Alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Ai! Kwani cheti ya huyo Mourine inaonyesha anakaa na nani? Sasa wanataka nini, tubebe nyumba tuwapelekee?"

Ukuta wa upande wa mlango ulilia kidogo. Hawakuujali, maana nyumba za reli hulia zikipoa. Lakini nyumba ilikuwa imesikia, na nyumba za reli zimezoea kutii.

Siku ya pili, saa mbili unusu, Tobias alikuwa nje akipiga mswaki nyumba iliponyanyuka. Ilijitoa katikati ya jirani zake wawili taratibu, ikajikung'uta vumbi, ikashika njia. Kavinya wa namba 319 aliona chumba chake kimebaki bila ukuta upande mmoja, akatundika blanketi.

"Mtakawia?" aliuliza. "Huku kuna baridi."

"Nadhani tutarudi mchana, mama," Tobias alisema, akasukutua haraka na kuifuata.

Kasiva alitokeza kichwa dirishani, mwiko mkononi.

"Tunaenda wapi?"

"Benki, inavyoonekana."

"Basi nisizime jiko. Nimeshakanda unga kilo nne."

Nyumba ilipita pembeni mwa Barabara ya Jogoo, kamba ya nguo ikiburuta nyuma na mashati mawili ya Tobias. Penye mzunguko ilingoja zamu yake. Madereva walipiga honi kwa sababu ilikuwa inatembea polepole, na mtu wa bodaboda akaiambia isonge kando, kwani imenunua barabara? Ilisonga.

Kwenye lango la benki, askari Munyao alipitisha kifaa chake cha ukaguzi juu ya kuta zote nne. Kilipofika paani kililia.

"Ni mabati tu," Kasiva alisema kutoka dirishani. "Na masufuria."

"Kisu?"

"Cha vitunguu."

Munyao alikichukua kisu, akakiweka kwenye droo yake na kuipa nyumba tikiti namba 52. Kwa kuwa haikutosha mlangoni, ilisimama kwenye maegesho, na mtu wa kaunti akaiandikia ada ya malori mawili. Namba 52 ilipoitwa, Mourine alitoka na kompyuta yake ya mkononi.

"Naona nyumba imeamua kuja yenyewe," alisema.

"Samahani, dada. Sikuituma mimi."

Nyumba ilifungua mlango. Mourine alipangusa viatu, akaingia. Aliona kandambili za Tobias chini ya kiti. Aliona kitanda kilichobonyea upande wa kushoto kwa urefu wa mwanamume mrefu. Juu ya mlango wa jikoni aliona doa la weusi pale ambapo Tobias, kwa miaka tisa, amekuwa akigonga paji la uso na kusema pole kwa mlango. Ukuta mmoja ulikuwa wa kijani mpaka karibu na kona, ambapo rangi ilikuwa imemwishia. Kasiva alimpa chapati na chai, naye Mourine akaketi kwenye kile kitanda na kula huku akitazama. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha.

"Tobias, wewe unakaa hapa," alisema. "Hata kipofu angejua."

"Asante, dada."

Mourine akaandika. Kompyuta ikafikiri kwa muda mrefu, kisha ikauliza bili iko wapi.

"Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kitanda," Mourine alisema.

Kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, na kwa kuwa tikiti ilikuwa ya nyumba na siku ilikuwa inakwenda, aliamua kuijaribu nyumba yenyewe. Jina: Nyumba Namba 318. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imechongwa juu ya mlango. Mahali pa kuzaliwa, Makongeni. Uraia hakuuliza, kompyuta ilijaza. Bili ya stima yenye jina lake, Nyumba Namba 318, chini ya lile la reli, nyumba ilikuwa nayo, tena ya miaka mingi mfululizo, na mita yenye namba hiyohiyo. Kwa sahihi ilikanyaga karatasi kwa pembe ya kizingiti, ikaacha alama ya chokaa. Kasiva alikuwa hajaivisha chapati ya kumi Mourine alipoipongeza nyumba na kuikaribisha katika familia ya benki.

"Na mimi?" Tobias aliuliza.

"Wewe bado bili. Pole sana, kaka."

"Inaniuma, dada," Tobias alisema, kwa sauti ile ile ya kuomba samahani. "Rangi hii niliipaka mimi, kwa mkono wangu."

"Inaonekana," Mourine alisema, na hakuwa anadanganya.

Ijumaa saa tano unusu Tobias alimpelekea Sally karatasi ya akaunti, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Alikuwa ameshajiandaa kurudi kwenye foleni ya vibarua. Sally aliisoma juu na chini.

"Akaunti iko sawa. Shida ni jina. La mfanyakazi na la akaunti lazima yafanane."

"Naelewa, dada. Samahani kwa kukupotezea muda."

"Ngoja, unakimbilia wapi?" Sally alikata jina la Tobias kwa rula na juu yake akaandika Nyumba Namba 318, Fundi Mkuu wa Matanuri. "Iko na uzoefu wa moto?"

Tobias alifikiri. Hakutaka kusema uongo.

"Ina jiko. Na haijawahi kuungua."

"Vizuri sana. Jumatatu itaripoti saa moja?"

"Itakuwa vigumu kutoka kila siku, jirani anapata baridi. Naomba nije kwa niaba yake."

"Mradi kazi ifanyike," Sally alisema, akagonga muhuri.

Kazi ikafanyika. Tobias alipewa beji yenye picha ya nyumba, mlango na madirisha mawili, na kila asubuhi askari wa lango aliitazama picha, akamtazama usoni, akasema pita. Wenzake walimsalimu "Niaje, Tatu Moja Nane!" na yeye akaitikia poa, kama alivyofundishwa. Mshahara uliingia kwa wakati. Nyumba haikuwa na choyo. Tarehe ya mwisho wa mwezi kadi ya benki ilikuwa juu ya dirisha, na Kasiva akabadilisha mabati na kununua jiko la pili. Maisha yakawa mazuri, huo ndio ukweli. Mara mbili tu Tobias aliamka kabla ya saa yake na kwenda kusimama langoni kwa vibarua bila kujua kwa nini, akakumbuka, akaenda kuingia kwa mlango wa wafanyakazi.

Mwisho wa Novemba kiwanda kilimchagua mfanyakazi bora wa mwaka. Wote walikusanyika kwenye ukumbi wa chakula, wakapewa soda na biskuti zilizovunjika. Sally alisimama juu ya kreti, akasoma: Nyumba Namba 318, kwa kulifufua tanuri la pili bila kusimamisha uzalishaji hata siku moja. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Nyumba yenyewe haikuwepo, maana Kasiva alikuwa anafua, kwa hiyo Tobias aliitwa mbele aichukulie cheti.

"Uifikishie salama," Sally alimwambia. "Na uiambie tunajivunia."

"Nitaiambia, dada. Asante sana."

Kasiva alikuta mumewe ameketi mlangoni na cheti magotini. Alikausha mikono kwenye leso, akakichukua, akakisoma mara mbili, kisha akakigeuza kuangalia kama kuna kitu kimeandikwa nyuma.

"Na wewe?"

"Nilipiga makofi," Tobias alisema. "Watu wote walikuwa wanapiga."