Shibe ya Kusimuliwa

Nyaguthii alikuwa na ulimi wa kusimulia chakula mpaka mtu aliyetoka mezani sasa hivi aanze kutafuta sahani. Kipaji hicho hakikumletea chochote maishani mpaka mwanawe wa pekee, Muchiri, alipoenda Kanada kulea wazee wa watu.

Jambo lenyewe lilianza bila kupangwa. Jumapili moja mvua ilimfungia Nyaguthii katika hoteli ndogo ya Sotik, akaagiza mbuzi wa kukaanga na ugali, na kwa kukosa wa kuongea naye akamrekodia mwanawe sauti kwenye simu. Alimweleza jinsi mafuta yalivyokuwa yakimchuruzika kwenye vidole, na jinsi mboga za managu zilivyokuwa na uchungu ule mdogo wa kuamsha mtu. Muchiri, ambaye siku zote hujibu kwa "niko sawa, niko bize", alijibu kabla mama hajanawa mikono.

"Mathe, haki umeniua! Wiki ijayo enda kwingine, uniambie."

Sasa niambieni, mama gani angekataa? Nyaguthii, mwenye duka la mapazia na mashuka pale Kaplong, mjane aliyeamini kwamba kula hotelini ni tabia ya watu wasio na sufuria, akawa kila Jumapili anatoka kanisani moja kwa moja hadi mezani. Alimkokota jirani yake Cherotich, ambaye shamba lake la majani chai limepakana na ua wake, kwa sababu mwanamke mzima akikaa hotelini peke yake watu wanaanza kumtafutia matatizo.

Walikula Litein, wakala Kericho mjini, wakala Longisa siku waliyokwenda kumwona mgonjwa. Nyaguthii hakumwonea mpishi haya. "Muchiri, hii chai ni aibu," alirekodi siku moja, mhudumu akiwa amesimama pale pale anasikia. "Tumezungukwa na majani chai pande zote, mpaka ng'ombe wanatazama majani chai, halafu mtu anatuletea maji ya kusuuza vikombe!" Lakini kitu kikiwa kitamu alikisifu polepole, kwa sauti ya chini, na hapo ndipo Muchiri alipokuwa akipagawa.

Na nia yake? Ilikuwa moja tu, wala hakumficha Cherotich. Alitaka kijana ashikwe na hamu mpaka apande ndege. Tangu aondoke hajawahi kurudi, na kila mwaka ahadi ni Desemba. Nyaguthii alikuwa na hamu naye, jamani, hamu ya kumuumiza mbavu. Alitaka kumwona akikwangua sufuria kwa kipande cha ugali na kunyonya mfupa mpaka mbwa asipate kitu. Alitaka tu akae pale mezani, hata asiseme neno.

Mwaka huu ilionekana mtego umenasa. Muchiri alisema ameomba likizo. Cherotich, ambaye alimlisha mtoto huyo nusu ya utoto wake, hakungoja kuambiwa. Alisugua kibuyu chake ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akachemsha maziwa, yakapoa, akayatia humo na kukifunika vizuri. Kwa watu wa Cherotich, mtu aliyetoka mbali hupokewa langoni kwa mursik, maziwa hayo ya kibuyu yaliyochachuka, kabla hajaulizwa hata habari. Kibuyu kikakaa pembeni jikoni, na nyumba nzima ikajua hakiguswi. Hicho kilikuwa cha Muchiri.

Kisha ikaja Jumapili ya Sigowet. Hoteli waliyoingia iliwapa wali baridi na kuku aliyekufa kwa uzee. Nyaguthii alirudi nyumbani kwa Cherotich akiwa amenuna, hana la kumsimulia mwanawe. Cherotich alipotoka kwenda kukamua ng'ombe, Nyaguthii akabaki jikoni anakitazama kile kibuyu.

Akakifungua. Alimimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akashika simu.

Sijui maneno yale aliyatoa wapi. Alieleza ile rangi ya kijivu yenye madoa ya mkaa, ubaridi wake, ule uchachu unaokamata nyuma ya taya kisha unaachia, na moshi unaobaki mdomoni hata baada ya kumeza. Alimkumbusha alivyokuwa akinywa na kubaki na masharubu meupe, akikataa kufutwa. Alimaliza akiwa amefumba macho, akabonyeza kutuma.

"Mama Muchiri!" Cherotich alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. "Unafanya nini na hicho kibuyu?"

"Namwonjea tu. Kidogo."

"Hiyo ni ya mtu anayerudi. Inafunguliwa akifika kwa lango. Sasa umefungulia nani? Nani amefika?"

"Ai, Cherotich, si ni maziwa tu! Utaongeza mengine."

Cherotich aliweka ndoo chini, akakichukua kibuyu, akakifunika, akakigeuzia ukutani. Kisha akainjika chai. Nyaguthii alijua amekosea, ila hakujua amekosea kiasi gani.

Jibu la Muchiri lilikuja wakiwa bado na vikombe mkononi. Nyaguthii aliliweka kwa sauti ya juu ili rafiki yake naye asikie, amsamehe.

"Mathe, nimelia kazini, si mchezo. Nilikuwa nimefika mwisho, unajua? Nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu. Lakini nimesikia hiyo ya mursik mara tatu, na nakwambia nimeshiba. Ni kama nimekuja nyumbani nikarudi. Wacha nichukue hizi shifti za Krismasi. Nitakuja mwaka ule mwingine. Wewe endelea tu kuniambia, sawa? Love you, Mathe."

Nyaguthii aliishika simu kama mtu aliyeshika sahani ya moto asiyejua pa kuiweka. Ngai, Mungu wangu. Alimtegea mtoto chakula, na mtoto amekila chote akiwa huko huko. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia kwenye chai.

"Ameshapokewa," Cherotich alisema taratibu, hasira imemwisha. "Atarudi kufanya nini?"

Jumapili iliyofuata walikwenda Bomet. Cherotich ndiye aliyemlazimisha, akisema kukaa nyumbani kutamuua. Waliletewa kuku wa kienyeji, mchuzi wake mzito wa manjano, na Nyaguthii alipotia tonge la kwanza mdomoni alijua hajawahi kula kuku mtamu hivyo mwaka mzima. Maneno yakampanda yenyewe. Aliyameza pamoja na nyama.

Muchiri alingoja, akachoka, akapiga simu mwenyewe.

"Mathe! Leo ni wapi?"

"Bomet. Tumekula kuku."

"Ehe? Ilikuwaje?"

"Sikuambii."

Akacheka. "Wacha hizo, Mathe. Kidogo tu. Mchuzi ulikuwaje?"

"Sikuambii, Muchiri."

Kicheko kikaisha. Huko Kanada kulisikika mlango ukifungwa, na kijana akarudi na sauti ndogo, ile ya zamani ya kuomba kabla chakula hakijaiva. "Mathe, lakini niko na njaa."

Kila kitu ndani ya Nyaguthii kilitaka kusema. Cherotich alimtazama, akatikisa kichwa.

"Basi kaa nayo," mama akasema. "Ikikuzidi, kwenu unakujua."

Akakata simu yeye wa kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mtoto aondoke. Ikaita tena papo hapo, ikitetemeka kando ya sahani. Nyaguthii aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, mikono ameikalia ili isimsaliti.